Siti binti Saad, muuza vyungu aliyefundisha arusi kuimba Kiswahili

Tarehe 8 mwezi wa saba mwaka wa 1950, katika kisiwa cha Unguja, alikufa mwanamke mmoja ambaye alipozaliwa aliitwa Mtumwa, na alipozikwa aliitwa Siti, ni kusema Bibi. Kati ya majina hayo mawili kuna maisha ya miaka karibu 70. Hakuwa na mali ya urizi, hakuwa na ukoo mkubwa, hakuolewa na tajiri. Kilichomtoa kwenye jina la kwanza na kumfikisha kwenye la pili ni sauti yake, na sauti ile ilijulikana kwanza kwenye arusi.

Huku kwetu, kuanzia Kalemie mpaka Goma, kuanzia Kindu mpaka Uvira, kila siku ya posho kuna feti ya ndoa. Familia zinahesabu viti, vinywaji, nyama, nguo za wasindikizaji. Muziki mara nyingi unafikiriwa mwishoni: nani ana sono, dijei anaomba dola ngapi, basi. Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha kwamba muziki wa arusi ni jambo zito zaidi ya hapo. Unaamua nani anahesabiwa kuwa mtu kwenye feti, na feti inaongea luga ya nani.

Mtoto wa Fumba

Alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, ile inchi ya Tabora. Mama yake asili yake ilikuwa kwa Wazigua, watu wa bara wanaotazamana na kisiwa hicho. Familia kama hiyo, yenye damu ya bara na makao kisiwani, wakati ule ilikuwa na historia moja tu inayojulikana: utumwa na misafara.

Njia ya misafara hiyo sisi tunaijua. Ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia mpaka Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Tippu Tip, aliyetawala Maniema akiwa Kasongo, alirudi Zanzibar na akafia huko mwaka wa 1905. Msiri, aliyeanzisha ufalme wa Bayeke kule Bunkeya, vilevile alitoka pande za Unyamwezi. Ni njia hiyo iliyoleta Kiswahili kwetu, na ndiyo maana wazee waliita luga yetu Kingwana, luga ya waungwana. Lakini kule Zanzibar, neno mungwana lilikuwa na maana kali zaidi: mtu huru, asiye mtumwa. Mtoto wa Saad alipewa jina la upande wa pili wa neno hilo.

Mwaka wa 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani wa Zanzibar alitia sahihi amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Mwaka wa 1909 amri nyingine ikawafikia na masuria, wale wanawake waliokuwa wamebaki nje ya amri ya kwanza. Karatasi ilibadilika. Mambo ya kila siku yalibadilika polepole zaidi. Mtu aliyekuwa mtumwa aliendelea kujulikana kisimani, sokoni na shambani, na zaidi sana kwenye sherehe. Kwenye arusi kila mtu anaonekana mahali pake: nani anaketi mbele, nani anapika nyuma, nani anapewa maji ya kunawa, nani anacheza nje ya ua.

Hata nguo ilisema. Wanawake watumwa walivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei ndogo. Baada ya utumwa kuondolewa, wanawake wengi wa asili hiyo waliacha kaniki, wakanunua kanga zenye rangi na maua, wakaanza kujifunika kama mabibi wa mjini. Mama zetu wanaokubaliana kitenge kimoja kwa ajili ya ndoa ya binti wa jirani wanaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Nguo ya arusi inasema mtu ni nani, na anataka kuwa nani.

Vyungu kichwani

Kazi ya familia yake ilikuwa kufinyanga vyungu. Mtumwa hakusoma shule. Alipokuwa kijana alibeba vyungu, akatembea kutoka Fumba mpaka mjini, mwendo wa saa nyingi kwa miguu, akapita akiviuza mlango kwa mlango. Ili watu wajue anapita, aliita kwa kuimba. Wale waliosimulia maisha yake wanakubaliana juu ya jambo moja: sauti ile ilisikika kutoka mbali, na watu walianza kumjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura.

Aliolewa, akazaa binti, kisha ndoa ikavunjika. Karibu mwaka wa 1911 aliacha kijiji na kuhamia mjini Zanzibar. Mji ule ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja, Mji Mkongwe, na nyumba zake za mawe, milango ya kuchongwa, jumba la Sultani, maduka ya Wahindi na ofisi za Waingereza. Upande wa pili, ng'ambo ya kijito cha bahari, nyumba za udongo na makuti za watu wa kazi: wachukuzi, wapishi, mafundi, wavuvi, wauza samaki, na wengi waliokuwa watumwa zamani au watoto wao. Upande huo uliitwa Ng'ambo, na mpaka leo unaitwa hivyo.

Mwanamke aliyeachika, asiye na shule, wa asili ya kitumwa, akiingia mji kama huo, njia zilizo wazi mbele yake ni chache. Anaweza kufanya kazi ya ndani kwa watu, kuuza vitu barabarani, ao kuolewa tena. Njia aliyoifuata yeye ilikuwa bado haijatengenezwa na mwanamke yeyote wa hali yake.

Muziki wa jumba la Sultani

Wakati ule muziki wa heshima Zanzibar ulikuwa taarabu. Jina hilo linatoka kwa Waarabu na linahusu ile furaha inayomshika mtu moyoni akisikia muziki mzuri. Historia yake inarudi kwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Huyu alipenda muziki wa Misri, na alimtuma kijana mmoja wa Zanzibar, Mohammed Ibrahim, kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa juu ya magoti. Kijana alirudi, akapiga kwa Sultani, akafundisha wengine.

Taarabu ikawa muziki wa jumba. Iliimbwa Kiarabu, ilipigwa na wanaume, ilisikilizwa na wageni waliochaguliwa. Mwaka wa 1905 vijana wa mjini walianzisha chama chao cha muziki, Ikhwani Safaa, ambacho kingali kinapiga mpaka leo. Lakini hata hapo muziki ulibaki wa wanaume na wa watu wenye nafasi. Tajiri akioza binti yake, aliweza kuleta udi na fidla nyumbani kwake. Maskini akioza binti yake, alikuwa na ngoma.

Ngoma hazikuwa kitu kidogo. Wanawake wa Unguja walikuwa na ngoma zao za kumwandaa bibi arusi, nyimbo za kumfundisha, nyimbo za kucheka na mashemeji. Lakini mji ulizipanga sherehe kwa ngazi: taarabu juu, ngoma chini. Mtu alijua daraja la arusi kabla hajafika mlangoni, kwa kusikiliza tu kinachopigwa.

Watu watano na mwanamke mmoja

Huko mjini Mtumwa alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa taarabu, ambaye alikubali kumfundisha. Jambo hilo lilihitaji uvumilivu wa pande zote mbili. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima, ana miaka karibu 30, hajui kusoma. Alijifunza kutamka Kiarabu vizuri, alijifunza kufuata sauti ya udi, alijifunza kupandisha na kushusha pumzi. Mwalimu kisha akamtambulisha kwa rafiki zake wa muziki: Subeti Ambar, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku. Pamoja wakawa kundi moja lenye udi, fidla na ngoma ndogo za mkono.

Katika wanaume hao alisimama mwanamke mmoja, na mwanamke huyo ndiye aliyekuwa mbele. Jambo hilo lingeweza kumharibia jina. Alijilinda kwa njia iliyojulikana na mji wote: aliimba akiwa amejifunika, hata uso, kama bibi mwenye heshima. Watu walikuja kusikiliza, si kutazama. Na ndivyo jina la Siti lilivyomwingia, jina ambalo kwa Kiarabu linaitwa mwanamke wa heshima. Mtumwa likabaki jina la kijijini.

Alikuwa Mwislamu, mjini mwa Waislamu, na alijua kwamba mwimbaji anahesabiwa kwa mwenendo wake sawa na sauti yake. Familia inapomwita mwimbaji kwenye arusi, inamwingiza katikati ya nyumba, karibu na binti yake, usiku. Haiwezi kumwita mtu isiyemwamini. Siti alishika heshima hiyo, na milango ikafunguka, ya maskini na ya matajiri, mpaka ya jumba la Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911.

Namna arusi ilivyokwenda

Ili kuelewa alichobadilisha, lazima kujua taarabu inavyofanya kazi kwenye arusi ya wanawake. Usiku unapoingia, wanawake wanaketi kwa kusongamana, wamevaa vizuri, wamejipaka manukato, wana asmini kichwani. Wanamuziki wako upande mmoja. Wimbo unaanza polepole kwa vyombo peke yake, kwa muda mrefu, mpaka watu wote watulie. Kisha mwimbaji anaingia na ubeti wa kwanza.

Hapo wageni hawabaki wasikilizaji tu. Ubeti ukimgusa mwanamke fulani, anasimama, anatembea polepole mpaka kwa mwimbaji akiwa na pesa mkononi, anamtuza, anarudi mahali pake. Kila mtu ameona. Kila mtu anajiuliza: kwa nini amesimama kwenye maneno haya? Anamwambia nani? Mke mwenza? Jirani? Shemeji aliyemsema vibaya? Mwimbaji hajataja jina la mtu. Wimbo umebeba fumbo, na mwenye fumbo ni yule aliyesimama.

Kwetu tunajua mabanga, yale majina ambayo mwanamuziki anayataja ndani ya wimbo kwa sababu mtu amelipa. Kutuza kuna undugu na hilo, lakini kunafanya kazi kwa upande mwingine. Kwenye libanga mtu analipa ili jina lake lisikike. Kwenye taarabu mtu anatoa pesa ili neno lake lisikike bila yeye kufungua kinywa. Mwanamke ambaye mwaka mzima hana mahali pa kusema kilichomuuma, anapata nafasi kwenye arusi ya mtu mwingine, na hakuna anayeweza kumshitaki.

Lakini mchezo huo unawezekana kwa sharti moja: watu waelewe maneno. Kwa Kiarabu, kwenye Ng'ambo, wangapi walielewa? Waliweza kufurahia sauti, waliweza kusema ni nzuri, lakini hawakuweza kusimama. Siti na kundi lake waliimba kwa Kiswahili. Waliendelea kuimba Kiarabu pale ilipohitajika, hata kwa mabwana wakubwa, lakini Kiswahili kikawa luga ya moyo wa kazi yao. Sasa bibi wa nyumba ya mawe alielewa, mpishi aliyekuwa nyuma akigeuza pilau alielewa, na mtoto wa jirani aliyesimama dirishani alielewa. Muziki wa juu uliingia kwenye luga ya watu wa chini, na arusi ya maskini ikaweza kuwa na taarabu yake yenye heshima kamili.

Jioni ambazo hakukuwa na kazi, kundi lilifanya mazoezi nyumbani kwa Siti. Watu walikusanyika kusikiliza. Nyimbo zilitungwa hapo, kwa kusaidiana, kwa kujaribu maneno mbele ya wale wenye kuyaelewa. Wimbo ulipofika kwenye arusi ulikuwa tayari umepimwa na majirani.

Tusi la kaniki

Aliyepanda ana maadui. Wapinzani wake wa muziki walitunga wimbo wa kumcheka. Walimkumbusha kwamba alifika mjini kwa miguu akivaa kaniki, wakauliza tangu lini amekuwa mtu. Walimcheka na sura yake pia, kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mrembo.

Tusi hilo halikuwa la nguo tu. Kila aliyesikia kaniki alisikia mtumwa. Wimbo ulikuwa unamrudisha Fumba, unamvua jina la Siti mbele ya watu wote. Na ulikuwa unawapiga pamoja naye wote waliokuwa wamenunua kanga yao ya kwanza kwa shida.

Hakwenda kwa mzee wa mtaa kushitaki, hakutukana. Alijibu kwa wimbo, akisema kwa maneno yake kwamba sura na nasaba si kitu cha kumpima mtu, kinachomharibu mtu ni kukosa akili na tabia. Wimbo huo ukakaa. Wapinzani wamesahauliwa, na jibu lingali linajulikana na watu wa Zanzibar wenye kupenda muziki wa zamani. Ndiyo faida ya kushindana kwa nyimbo: watu wote wa arusi ni mashahidi, na hukumu inatolewa na wale wanaoendelea kuimba kesho yake.

Meli ya kwenda Bombay

Mwaka wa 1928 kampuni ya Gramophone, yenye alama ya mbwa anayesikiliza bomba, iliwaita Siti na wenzake kwenda Bombay, katika India, kutia sauti kwenye santuri, zile disiki nyeusi za zamani. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo. Kwa mwanamke aliyeuza vyungu kwa miguu, kuvuka bahari ya Hindi na kusimama mbele ya mashine ya kurekodi, hiyo ilikuwa safari ya ajabu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Upande mmoja wa santuri ulibeba karibu dakika 3 tu. Wimbo wa arusi ambao ungeweza kuchukua nusu saa, na watu wakisimama kutuza katikati, ilibidi ukatwe, ubanwe, uanze na kuisha haraka. Kilichobaki kwenye santuri ni mfupa wa wimbo. Lakini mfupa huo ulitosha. Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na kampuni nyingine zikaja zikitafuta waimbaji wa Kiswahili.

Watu wengi hawakuwa na mashine ya kuzipigia. Walikwenda kusikiliza kwenye mikahawa, wakinywa kahawa na kuzungumza juu ya maneno. Mombasa, Lamu, Dar es Salaam, watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja waliijua sauti ya mwanamke aliyezaliwa Fumba. Kiswahili kilichoimbwa kwenye arusi kikawa kitu cha kununuliwa dukani, chenye bei yake, kwenye rafu moja na nyimbo za Misri na India.

Huku kwetu mambo hayo yalikuja baadaye kidogo. Mwaka wa 1952, miaka 2 baada ya Siti kufa, Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja wa Katanga kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga gitaa na kuimba Kiswahili: Mwenda Jean-Bosco wa Bayeke. Watu hawa wawili hawafanani kwa muziki. Lakini njia ni ileile: mtu wa kawaida, luga ya nyumbani, wimbo wa maisha ya kila siku, kisha mashine inaubeba mbali.

Habari ndani ya wimbo

Siti na wenzake hawakuimba mapenzi peke yake. Waliimba mambo yaliyotokea mtaani: wanaume wanaopiga wake zao, wakubwa wanaokula pesa, mahakama inayompendelea mwenye nguvu. Wimbo wao mmoja unaokumbukwa sana, Kijiti, unahusu kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Zanzibar kutoka Dar es Salaam. Muuaji alikimbilia bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliobaki na kesi.

Mtu anaweza kuuliza: wimbo wa namna hiyo unafanya nini kwenye sherehe? Jibu liko kwa wanawake waliousikiliza. Arusi ilikuwa mahali wanapokutana wengi kwa siku moja, bila waume, bila karani wa serikali. Wengi hawakusoma gazeti. Wimbo uliwaambia kilichotokea na ukawaonyesha upande wa kukitazama. Bibi arusi naye alikuwa hapo akisikia, kwenye usiku wa kwanza wa ndoa yake, kwamba mwanamke anaweza kudhulumiwa na kwamba dhuluma hiyo inaweza kusemwa kwa sauti.

Miaka ya mwisho na waliomfuata

Siti aliendelea kuimba mpaka uzee ulipomfikia. Kabla hajafa alikutana na Shaaban Robert, mwandishi na mshairi mkubwa wa Tanganyika, ambaye alimsikiliza akisimulia maisha yake na kuyaandika katika kitabu, Wasifu wa Siti Binti Saad. Kitabu kile kilisomwa shuleni kwa miaka mingi. Mwanamke ambaye hakujua kusoma akawa somo la wanafunzi.

Nyuma yake walikuja wanawake wengine. Anayejulikana zaidi ni Fatuma binti Baraka, aliyeitwa Bi Kidude, ambaye alijifunza kwa kumsikiliza Siti na akaimba mpaka uzee mkubwa, kwenye arusi, kwenye unyago wa wasichana na kwenye majukwaa ya Ulaya. Bi Kidude alikufa mwezi wa ine mwaka wa 2013. Kitukuu cha Siti, Siti Muharam, naye ni mwimbaji wa taarabu, na ameimba upya nyimbo za bibi yake.

Kwa arusi zetu

Nani anaweza kuchukua nini kutoka kwa maisha haya, kama anaandaa feti mwezi ujao Bukavu ao Kindu?

La kwanza ni maneno. Katika feti zetu nyimbo nyingi zinapigwa kwa sababu ni mpya, na sauti inapandishwa mpaka shangazi wa bibi arusi hawezi kusikia anayeketi karibu naye. Nyimbo nzuri za Lingala tunazipenda wote na hakuna sababu ya kuziacha. Lakini feti ambayo bibi na babu waliotoka kijijini hawaelewi hata wimbo mmoja, imewaalika kula, haijawaalika kusherehekea. Wimbo mmoja wa luga yao, ukipigwa kwa sauti ya kiasi, unawafanya wasimame. Na wazee wakisimama, ukumbi wote unasimama.

La pili ni nafasi ya wageni. Kutuza kulifanya wasikilizaji kuwa sehemu ya kazi. Mgeni aliyeketi tangu saa kumi na mbili mpaka saa sita ya usiku akitazama tu meza ya wakubwa, anarudi nyumbani akikumbuka njaa na joto. Aliyepewa wimbo wa kusimamia, hata dakika chache, anarudi akisema alikuwa kwenye ndoa.

La tatu ni mwanamuziki mwenyewe. Katika arusi nyingi anayepiga muziki ndiye wa mwisho kulipwa, wa mwisho kupewa sahani, na wa kwanza kulaumiwa umeme ukikatika. Watu wanatafuta bei yake ya chini sawa na wanaotafuta bei ya viti. Zanzibar ya miaka ya 1920 ilikuwa na ubaya wake mwingi, lakini ilifika mahali ikamwita mwimbaji wa arusi Siti, ikampa kiti, ikanyamaza ili asikike.

Alizaliwa katika familia ambayo mji uliizoea nyuma ya ua, kwenye moshi wa jikoni. Aliketi mbele, akaimba kwa luga ya wale waliobaki jikoni, na wao walimsikia.